MAWE YETU, SEHEMU YA 4: Jumba la Mreno ambalo Mreno hakulijenga

Mlionidai sehemu ya nne, samahanini. Wiki mbili nilikuwa zamu ya usiku, na mtu akitoka zamu ya usiku hata jina lake analisahau, seuze historia. Leo nipo off, chai ipo mezani, tuendelee.

Kwa mgeni wa mfululizo huu: sisi ni wanawake saba. Watano wauguzi, mmoja mwalimu wa skuli, mmoja fundi cherehani. Tukipata siku moja ya mapumziko pamoja tunachangishana, tunakodi gari, tunapakia chupa za chai na maandazi, tunakwenda kutazama mawe ya kale ya Unguja. Ndo hivyo tu. Hatuna digrii ya mambo ya kale. Tuna miguu na masikio.

Ilianzia Forodhani. Jioni moja tumekaa ukutani, urojo mkononi, mwenzetu akatuonesha picha aliyotumiwa na dada yake aliyeko Uingereza. Dada kasimama na mashoga zake mbele ya lile duara la mawe la Stonehenge, mvua inawanyeshea, wanacheka. Mawe yale makubwa yalisimamishwa kiasi cha miaka 4,500 iliyopita, na watu wanatoka duniani kote kwenda kuyatazama. Tukaisifia picha. Kisha mwalimu wetu akauliza: "Na sisi je? Nani hapa kashafika Unguja Ukuu?"

Kimya.

Nyuma yetu Ngome Kongwe. Pembeni Beit al-Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na sote tunakumbuka tulikuwa wapi siku ile. Sote saba tumezaliwa kisiwa hiki. Unguja Ukuu hakuna aliyefika. Tukaona haya, na haya ile ndo iliyotutoa majumbani.

Mliosoma sehemu zilizopita mnajua tulikopita. Unguja Ukuu, ambako Mzanzibari mwenzetu, mwanaakiolojia Abdurahman Juma, alichimba miaka ya 1990 na kuonesha mji wa biashara uliokuwa hai zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wenye vigae vya vyombo vilivyotoka Ghuba ya Uajemi na Uchina. Kisha Kizimkazi Dimbani, kwenye msikiti ambao ukiuona kwa nje na bati lake unaweza kuupita usigeuke. Ndani, kwenye ukuta wa kibla, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye tumbawe, yana tarehe ya mwezi wa Dhulqaada mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Jengo lenyewe lilijengwa upya karne ya 18, lakini yale maandishi yamebaki, na watu wanasali mbele yake mpaka leo.

Leo nawapeleka Kaskazini. Na leo nina la kukiri.

Miaka mingi nyuma, binamu zangu walikuja kutoka Dar, nikawachukua kwenda Nungwi kuogelea. Tulipopita Fukuchani nikawaambia, kwa sauti ya mtu anayejua: "Hapa kuna majumba ya Wareno." Wakapiga picha. Mmoja akasema, "Kumbe Wareno walikuwa mafundi!" Nikaitikia, ndiyo, walikuwa mafundi. Ndivyo nilivyosikia tangu utotoni, na sikumuuliza mtu.

Safari hii tulitoka mjini alfajiri. Tukapita Mahonda, tukapita Mkokotoni, mpaka Fukuchani. Tulipouliza njia, mtoto mmoja akatujibu mbio mbio: "Majumba ya Mreno? Piteni huku!" Nikajiona mwenyewe.

Lipo karibu na bahari, na ng'ambo ya maji unakiona kisiwa cha Tumbatu. Paa halipo zamani. Kuta zimebaki, nene, za mawe yale yale ya uwandani ambayo mpaka leo tunajengea. Milangoni kuna matao yaliyochongwa vizuri mno, mpaka fundi wetu cherehani akapitisha kidole kwenye ukingo akasema, "Mshono huu kashona mtu mwenye subira." Kwenye ukuta wa nje kuna vitundu vidogo, ambavyo wanaosoma majengo wanasema ni vya kulengea bunduki.

Basi mwenzetu mmoja, jina nalihifadhi, akapanda juu ya ukuta apate picha nzuri. Jiwe likachomoka, akateleza, jiwe likamwangukia mguuni. Wauguzi watano, na hakuna aliyebeba hata bandeji! Nikamwosha kwa maji ya kunywa, nikamfunga kwa mtandio wangu. Alhamdulillahi haukuvunjika, ukucha tu ndo uliokwenda.

Kelele zetu zikamleta mzee wa jirani. "Shikamoo babu." "Marahaba wanangu, kuna nini?" Akautazama mguu kwanza, akatutafutia mahali pa kivuli, ndipo akatukanya tusipande tena. Tukamwomba radhi. Mimi nikamuuliza, "Babu, hili jumba nani analitunza?"

Akacheka. "La Mreno hilo. Mreno mwenyewe hayupo, nani alitunze?"

Ndugu msomaji, jibu hilo nimerudi nalo mpaka wodini.

Sasa tuulize: Mreno ndiye aliyelijenga? Wareno walikuwepo, hilo halina ubishi. Mwaka 1503 nahodha wao Ruy Lourenço Ravasco alifika na merikebu ya vita, akateka vyombo vya watu baharini, akamlazimisha mtawala wa Unguja akubali kulipa kodi ya kila mwaka. Baadaye walikuwa na kanisa pale pale ilipo Ngome Kongwe, na baadhi ya kuta zake zimo ndani ya ngome. Ngome yenyewe waliijenga Waomani baada ya Wareno kutolewa Mombasa mwaka 1698.

Lakini Fukuchani, na jumba la Mvuleni lililo ndani kidogo, wataalamu waliolitazama jengo kwa jengo wanasema ni nyumba za Waswahili za karne ya 16. Sababu zao hata mimi nazielewa. Mpango wake ni wa nyumba za mawe zinazoonekana pwani yetu yote. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki upana wa mita tatu hivi bila kupinda. Aliyepima chumba kile aliujua mkoko. Matao yamechongwa kwa tumbawe, na hiyo ni kazi ya kwetu: unalikata tumbawe baharini likiwa bichi na laini, unalichonga kabla halijakauka, likikauka linakuwa gumu. Mawe yameshikwa kwa chokaa iliyochomwa kwenye tanu la magogo, kama babu zetu walivyochoma na kama wengine wanavyochoma mpaka leo.

Zaidi ya hapo, ardhi ya Fukuchani ilikuwa na watu zamani sana kabla ya jumba. Waliochimba wamekuta mabaki ya makazi ya karne ya 6 na ya 7. Vasco da Gama alipofika pwani hii mwaka 1498, mahali hapa pameshakaliwa na wazee wa wazee.

Na vile vitundu vya bunduki? Fikiri mwenyewe. Karne ambayo merikebu za kigeni zinapita kutoza na kuchoma miji, mtu mwenye nyumba ufukweni anaweka tundu la kuchungulia. Huenda basi jumba tulilompa Mreno lilijengwa na mtu aliyekuwa akijilinda na Mreno huyo huyo. Nikifika hapo huwa nacheka, kisha sicheki tena.

Mtasema: kwani jina lina kosa gani? Jina tu. Mie nasema jina lina kosa kubwa, na ushahidi ni jibu la yule mzee. Kitu ukishaambiwa si chako huoni uchungu kikianguka. Ukuta unapandwa, jiwe linachukuliwa kujengea banda la mbuzi, mwana-Adamu anaandika jina la mchumba wake, hakuna anayesema kitu, mana la Mreno. Kule Stonehenge tangu miaka ya 1970 wageni wamezuiwa kutembea ovyo katikati ya mawe, kwa sababu nyayo zao ziliiharibu ardhi. Wale mawe yao wanayaita yao.

Na hatukuzoea kumpa Mreno peke yake. Kila kizuri tumekipa mtu aliyeshuka kwenye chombo. Kizimkazi wana hadithi ya Mfalme Kizi na fundi wake Kazi: msikiti ulipokwisha, mfalme akamkata fundi mkono asije kujengea wengine mwingine kama ule. Sisemi kwamba ilitokea kweli. Nasema hadithi inamjua fundi. Ina mkono wake, tena mkono unaouma. Sisi tunaosimulia leo tumemkata fundi mzima.

Hapa mtu ataniuliza, "Dada nesi, kwa hiyo Washirazi ni uongo?" Hapana, taratibu. Mwezi wa Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Makaburi ya Unguja hayakuwemo, lakini ni pwani moja. Walichokuta ni kwamba watu wa Afrika na watu wa Asia walianza kuchanganyika kufikia mwaka 1000 hivi, na upande wa Asia ulitoka zaidi kwa wanaume wa Kiajemi. Kwa hiyo wazee wetu waliosema "babu zetu walitoka Uajemi" hawakutunga.

Ila kuna nusu ya pili, na nusu hii nesi ndiye wa kuisema. Kuna sehemu ya vinasaba ambayo mtu hairithi ila kwa mama yake. Sehemu hiyo, kwa wengi wa watu wale, ilikuwa ya Kiafrika. Babu alishuka kwenye jahazi, sawa. Bibi alikuwa yupo hapa, kasimama ufukweni, na lugha ya nyumbani ikawa yake. Mimi nimesimama vyumba vya kuzalishia miaka mingi. Sijaona bado mtoto aliyekuja kwa baba peke yake.

Nimalizie na Tumbatu, mana pale Fukuchani tulikuwa tunaitazama. Yaqut al-Hamawi, mwandishi wa jiografia aliyefariki mwaka 1229, aliitaja Unguja kwa jina la Lanjuya, akasema watu wake walihamia Tumbatu, na kwamba watu wa Tumbatu ni Waislamu. Magofu ya mji huo yapo mpaka leo upande wa Makutani, pamoja na msikiti wake.

Mwaka jana nilimuuguza bibi mmoja Mtumbatu. Sitaji jina wala wodi, na hili ninaloandika kaniruhusu mwenyewe. Usiku mmoja hana usingizi, mimi nampima presha, akaniuliza: "Mwanangu, wewe wa mjini, umeshafika Makutani?" Nikamwambia bado. Akasema: "Basi hukujui kwenu." Nilimwonesha picha za safari zetu kabla hajaruhusiwa. Ya Fukuchani sikuwa nayo wakati ule. Juzi nilimpigia simu mwanawe, nikamwelezea mtandio na ukucha, bibi akaomba apewe simu. Hakucheka. Kaniambia, "Huko mnapanda, kwetu msipande. Njooni niwaoneshe kwa mkono wangu, mana miguu inanikimbia."

Basi nawaomba mambo matatu tu. La kwanza, ukipita Fukuchani au Mvuleni na watoto, waambie ni nyumba za wazee wetu. Watoto wanashika wanachosikia, mie ni ushahidi. La pili, usipande kuta na usiondoke na jiwe hata dogo. La tatu ni kwa wenye nyumba za zamani huku Mji Mkongwe: ukuta wa mawe na chokaa usiupige saruji. Chokaa inapumua, saruji haipumui. Unyevu na chumvi vinabaki ndani, jiwe linaoza huku juu kunang'aa. Ni kama kidonda chenye usaha ukikifunga nailoni: mgonjwa anaonekana msafi, siku unayofungua unalia.

Sehemu ya tano, inshallah, tunapanda mashua Mkokotoni kwenda Makutani. Mara hii bandeji ninazo, na siku tumeshaichagua mapema kuliko kawaida yetu, kwa sababu mwenyeji wetu kapindukia miaka themanini na mimi kazi yangu imenifundisha kutomwambia mtu wa umri huo "tutakuja tukipata nafasi".

Kama kwenu kuna gofu, kisima au ukuta wenye jina la mgeni, muulize mkubwa wa mtaa kisha uniandikie. Mguu wa shoga yangu umepona. Ukucha unaota.