Jina kwa Ncha ya Msumari

Saruji ya Pongwe huwafikia watu wa Tanga kwa sura nyingi: nguzo za nyumba, kingo za visima, ngazi za misikiti na makanisa. Sehemu yake ndogo huishia makaburini. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1980 kwa sababu mwamba wa chokaa ulikuwa hapo hapo, wa jamii moja na ule uliotobolewa na maji ukawa mapango ya Amboni. Ila kwenye pwani hii kaburi na chokaa vilijuana zamani sana, kabla hata ya mtu kuota kiwanda.

Anayetaka kuhakikisha na aende Tongoni, yapata kilomita 20 kusini mwa mji, kwenye barabara ya Pangani. Jina lenyewe linajieleza: tongo ni mahali palipohamwa. Kando ya msikiti uliobomoka yapo makaburi yapatayo 40, mengi ya karne ya 14 na 15, na hakuna penginepo pwani ya Afrika Mashariki palipokusanya makaburi mengi ya minara kiasi hicho. Mnara ndio uliokuwa jiwe la kichwani. Ulijengwa kwa mawe na chokaa, ukasimama juu ya ukuta wa kaburi kama nguzo ya nyumba isiyo na paa.

Kazi ya nakshi ilihitaji jiwe la namna yake. Mafundi walikata matumbawe baharini yakiwa bado mabichi, maana wakati huo ni laini na patasi hupita bila ubishi, yakikauka hukaza. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe hayo hayo. Yalipangwa juu ya lundo kubwa la magogo, moto ukawashwa, na kilichobaki kikamwagiwa maji na kuachwa kwa muda kabla ya kutumika. Aliyetaka kaburi la mnara alilipia wapasua mawe, wakata kuni, wachomaji na mwashi. Haikuwa shughuli ya mvuvi wa kawaida.

Tena yalikuwapo mabakuli. Mabakuli ya kauri kutoka China, yaliyovuka bahari ya Hindi pamoja na nguo na shanga, yalipachikwa kwenye minara na kuta za makaburi. Leo Tongoni yamebaki mashimo ya mviringo, kwa kuwa vyombo vimekwisha kung'olewa. Kaole, karibu na Bagamoyo, na Kunduchi nako desturi ilikuwa hiyo. Cha ajabu, makaburi mengi ya Tongoni hayana jina. Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, alikuta kigae chenye maandishi ya Kiajemi, lakini hicho kilikuwa kitu cha nadra. Inaelekea mwenye mnara hakuona haja ya kujitambulisha: bakuli lilimsemea, na mji ulimjua.

Mwenye fiqhi atakunja uso, na ana haki. Hadithi iliyopokewa na Jabir inakataza kulipaka kaburi chokaa na kulijengea. Nyingine inasimulia Mtume akiweka jiwe kichwani pa kaburi la Uthman bin Madh'un ili alitambue. Alama, basi, inaruhusiwa. Fahari ndiyo yenye matata. Waislamu wengi wa pwani wametosheka na udongo ulioinuliwa kiasi cha shibiri na jiwe au kibao kichwani. Hata hivyo matajiri wa karne ya 15 walijenga, na hawakujenga kwa siri.

Novemba 1914 suala la jina likarudi Tanga kwa sura nyingine. Kwa siku chache Waingereza walijaribu kuutwaa mji kwa jeshi kubwa kutoka India, wakashindwa na Wajerumani na askari wao Waafrika. Mwaka 1917 Uingereza iliunda tume ya makaburi ya vita, ikaahidi kwamba kila aliyekufa atakumbukwa sawasawa, mkubwa na mdogo. Kwa Waafrika, hasa wapagazi waliobeba vita vile mabegani, ahadi haikutimizwa. Ripoti ya tume hiyo hiyo ya mwaka 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hao hawakukosa mnara tu. Hata kibao hawakukipata.

Saruji ya mfuko ndiyo iliyoshusha gharama ya jina. Familia haihitaji tena mkata matumbawe wala tanuri. Wenye uwezo hununua marumaru dukani wakalifunika kaburi zima; wengine husubiri udongo ushuke, kisha humwita fundi. Huyu hukoroga saruji na mchanga, humimina kwenye fremu ya mbao yenye vipande vya nondo, hulainisha uso kwa mwiko. Ikiwa ni msalaba, au kibao cha kawaida, kazi ni ile ile. Mmoja wa wafiwa humshikia karatasi yenye jina, tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki, naye huyanakili kwa ncha ya msumari, polepole, ulimi ukiwa kati ya meno. Akikosea herufi hupitisha mwiko na kuanza upya, mradi saruji haijakaza.