Somo la Historia: Fundi na Mhandisi

Leo tutazungumza juu ya jina la kazi. Kwanza twendeni Uingereza, miaka ya 1700.

Zamani hizo, jina ambalo sisi twalitafsiri "mhandisi" lilikuwa hasa la watu wa jeshi. Wao walijenga ngome na kutengeneza mitambo ya vita. Basi mwaka 1724 alizaliwa John Smeaton. Baba yake alikuwa mwanasheria, akataka mwanawe naye awe mwanasheria. Kijana hakupenda. Akawa fundi wa vyombo vya kupimia.

Baadaye alipewa kazi ngumu: kujenga mnara wa taa juu ya mwamba wa Eddystone, ndani ya bahari, mbele ya Plymouth. Mnara mmoja ulikwisha kuchukuliwa na dhoruba mwaka 1703, pamoja na mjenzi wake. Mwingine uliungua mwaka 1755. Smeaton alichonga mawe yashikane kama vidole vya mikono miwili. Akatafuta chokaa inayoganda hata majini. Taa ikawashwa mwaka 1759, na mnara ukasimama zaidi ya miaka 100. Ulipobomolewa sehemu yake ya juu, kosa halikuwa la mjenzi. Mwamba wenyewe ulikuwa umeliwa na mawimbi.

Je, mtu huyu aitwe nani? Askari siye. Wala si mwashi tu. Akajiita mhandisi wa kiraia, na mwaka 1771 yeye na wenzake wakaanzisha chama chao London. Tangu hapo mwenye kutaka daraja au mfereji alijua amwendee nani.

Sasa turudi kwetu. "Mhandisi" ni neno la asili ya Kiarabu. Handasa ni elimu ya vipimo. Katika kazi za serikali ya Tanzania kuna fundi mchundo, kuna fundi sanifu, na kuna mhandisi. Mhandisi hupiga hesabu ya mzigo ambao nguzo itabeba, kisha hutia sahihi yake. Tanzania ilitunga sheria ya kuwasajili wahandisi mwaka 1968, ikaweka nyingine mwaka 1997. Asiyesajiliwa akijiita mhandisi, ana hatia. Wengine husema hayo ni majivuno ya wasomi. Lakini ghorofa likianguka, watu watauliza: nani alitia sahihi?

Hata hivyo, mimi naona jina "fundi" limeonewa. Watu hulikimbia kana kwamba ni la aibu. Sikilizeni lenyewe: fundi, funza, fundisha, mwanafunzi. Ni ukoo mmoja. Smeaton naye alianzia huko, kwenye meza ya fundi.

Haya, fungueni madaftari. Andika jina la kazi yako. Chini yake andika kazi moja ambayo mtu akikuletea utaipokea, na moja ambayo utamwambia, "Hiyo mpelekee mwingine." Mwalimu wa darasa atasoma majibu. Kwaherini.