Dola elfu kumi za ulimi ulioteleza

Julai 1988, John Conway alisimama mbele ya wanasayansi wa maabara za Bell, jimboni New Jersey, Marekani, akatangaza zawadi ya dola 10,000. Alikusudia kusema 1,000.

Conway, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifundisha Princeton, alikuwa akizungumzia mifuatano ya namba yenye vituko. Mmoja huanza na 1 na 1. Kupata namba inayofuata, tazama ya mwisho uliyoandika. Hesabu nafasi kiasi hicho kutoka mwanzo, kisha kiasi hicho hicho kurudi nyuma kutoka pale unapotaka kuandika. Namba mbili utakazozikuta, zijumlishe. Chukua nafasi ya tano: ya nne ina 2. Nafasi ya pili kutoka mwanzo ina 1, na ukirudi nyuma hatua mbili unaangukia ya tatu, yenye 2. Jibu, 3. Hivyo hutoka 1, 1, 2, 2, 3, 4, 4, 4, 5, 6, 7, 7, 8. Mwanafunzi wa darasa la nne anaiweza kazi hii, mradi asichoke.

Conway alikwisha kuthibitisha kwamba ukiigawa kila namba kwa nafasi yake, jibu huelekea nusu. Ila haliendi moja kwa moja. Kwenye nafasi za 4, 8, 16, 32 na kuendelea hivyo kwa kuzidisha mara mbili, ni nusu kamili. Katikati yake hupanda na kushuka kama vilima, kila kimoja kikiwa kipana kuliko kilichotangulia. Zawadi ilikuwa ya atakayetaja nafasi ambayo baada yake jibu halitaachana tena na nusu kwa sehemu moja ya ishirini.

Kabla Agosti haijaisha, gazeti la New York Times lilikuwa limeandika habari za aliyeshinda: Colin Mallows, mwanatakwimu wa Bell hapo hapo. Nafasi yenyewe ni ya 1,489. Kuhusu fedha, Mallows aliridhika na 1,000, uungwana ambao sidhani wengi wetu tungeuweza.

Mwandishi Douglas Hofstadter naye alisema baadaye kwamba aliujua mfuatano huo miaka kumi au zaidi kabla ya Conway. Si ajabu. Katika kitabu chake cha 1979 alikwisha kuchapisha mfuatano ulio ndugu wa huu, ambao hutazama namba mbili za mwisho na kuhesabu zote kurudi nyuma. Badiliko dogo tu, na vilima vinavurugika. Kompyuta zimeufuata hadi mabilioni ya nafasi, lakini hakuna aliyethibitisha kwamba hautafika siku ukaagizwa kurudi nyuma kupita mwanzo wake, ukakatika.