Polisi Si Jeshi: Tujue Historia Yetu

Leo tunauliza: kwa nini mtu aliyeibiwa mbuzi anaogopa kwenda kwa polisi? Sehemu ya jibu iko katika historia.

Kule London, mwaka 1829, Robert Peel alianzisha polisi waliovaa mavazi ya bluu, ili raia wasiwafananishe na wanajeshi, ambao walivaa mekundu. Kwetu haikuwa hivyo. Tarehe 22 Aprili 1893, Force Publique, jeshi la Mfalme Leopold wa Pili, liliteka Kasongo kwa vita. Jeshi hilo hilo likafanya pia kazi ya polisi: kulazimisha watu walipe kodi na wafanye kazi za serikali. Wazee wetu hawakumwona mlinzi, walimwona mtu wa fimbo.

Uhuru wa 1960 haukuondoa mazoea hayo. Mwaka 1972 Mobutu alivunja polisi, kazi yao ikapewa jandarmeri, ambayo ni jeshi. Ni baada ya yeye kuanguka, mwaka 1997, ndipo Polisi ya Taifa ilipoundwa.

Tangu hapo sheria imebadilika. Katiba ya 2006, ibara ya 183, yasema polisi si ya chama, wala mtu yeyote asiigeuze kwa faida yake. Ibara ya 184 inaiweka chini ya viongozi wa kiraia. Ibara ya 18 yasema aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, tena polisi wasimshike kupita saa 48 bila kumfikisha mbele ya sheria.

Umoja wa Ulaya nao ulituma washauri wa polisi Kinshasa, toka 2005 hadi 2014. Huko Bukavu, Kananga na Matadi, kwa msaada wa Uingereza, ilijaribiwa polisi ya karibu: polisi, viongozi na wakaaji wa mtaa waliketi pamoja kutaja mambo yanayoharibu usalama.

Ndugu msikilizaji, wageni hawatakuja kuketi mahali pako. Ndugu yako akikamatwa, usilete vurugu, wala usikimbilie kutoa pesa. Uliza kwa heshima: kosa gani, tangu saa ngapi? Nawe polisi unayetusikia, hata mshahara ukichelewa, kizuizi cha barabarani si shamba lako. Raia asipokuogopa, atakuletea habari za mwizi.