Kabla hujauza hicho kikombe, kipindue kwanza

Najua wengi wenu mnauza vyombo vya mtumba mtandaoni. Tukipiga picha kikombe tunapiga maua yake tu, basi. Wazoefu wa vikombe vya zamani wanaanza kwa kukipindua. Hela iko chini. Sikia hii ya Urusi.

Mjini St. Petersburg kuna kiwanda cha vyombo vya kauri kilichoanza mwaka 1744. Kilikuwa kinahudumia ikulu, na chini ya chombo kulikuwa na chapa ya mfalme. Vingine vilikaa stoo vikiwa vyeupe, vinasubiri kuchorwa.

Mapinduzi yakaja 1917, mfalme akang'oka, na 1918 kiwanda kikawa cha serikali mpya. Hali ilikuwa ngumu, malighafi shida, ila stoo kulikuwa na vyombo vyeupe kibao. Wakaita wachoraji. Chapa ya mfalme wakaipaka rangi ili isionekane, pembeni wakachora nyundo, mundu na kipande cha gia. Vingine hawakuvifunika kabisa. Ndiyo maana unaweza kukuta kisahani kimoja kina chapa mbili: ya aliyepinduliwa, yenye mwaka kilipotengenezwa, na ya waliompindua, yenye mwaka kilipochorwa.

Mwaka 1923 akaingia Kazimir Malevich, yule jamaa wa mraba mweusi. Akabuni kikombe nusu, kama kimekatwa katikati kwa kisu! Wanafunzi wake Nikolai Suetin na Ilya Chashnik wakachora miraba, duara na mistari kwenye vikombe na visahani vya kawaida.

Sasa hapa ndipo panapouma. Vyombo vile vilikuwa vya kumsifia mfanyakazi, lakini 1921 na 1922 njaa iliua mamilioni ya watu nchini humo. Nani angewaza kisahani cha sanaa wakati mkate hamna? Vingi vikauzwa nje kutafuta fedha za kigeni. Yaani kikombe cha mapinduzi kikaishia kwenye kabati la tajiri.

Malevich naye hakula matunda. 1930 alikamatwa na kuhojiwa, 1935 akafa kwa kansa. Mwaka 2018 mchoro wake mmoja ukauzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 85. Alikuwa kaburini miaka 83.

Kwa hiyo ukipata kikombe na kisahani chake, usivitenganishe, vina thamani vikiwa pamoja. Usisugue chapa kwa steelwaya ukidhani ni uchafu. Piga picha ya chini, ionekane vizuri. Ufa upo? Sema upo. Na usiandike "orijino" kwa kubahatisha, maana kile kiwanda kipo mpaka leo na kinatoa nakala za michoro ileile. Chapa ndiyo inayotofautisha cha 1923 na cha juzi.

Mchoraji alishadhulumiwa, mfanyakazi naye hivyohivyo. Tusije sisi wauzaji tukamalizia kwa mnunuzi.

Haya, nenda kabatini kwa bibi, pindua kikombe kimoja taratibu (kikivunjika mimi simo). Chini kumeandikwa nini? Na ungekiuza, au kingebaki cha bibi? Tuambiane hapo chini.