Kisasa si Kizungu

Neno “kisasa” limetokana na kiambishi ki- cha namna na “sasa”: hutaja wakati, halitaji bara. Hata hivyo, wengi hulitumia kwa maana ya Kizungu. Uchoraji wa India baada ya uhuru wa 1947 unayakanusha matumizi hayo. Mwaka huohuo F. N. Souza, S. H. Raza, M. F. Husain na wenzao waliunda kundi la wasanii wapenda maendeleo mjini Bombay. Atasema mtu kwamba waliiga wachoraji wa Paris. Ni kweli walijifunza kutoka huko, lakini Picasso, mchoraji wa huko, naye alijifunza kwa vinyago vya Afrika, na bado huitwa mbunifu. Raza, aliyehamia Ufaransa 1950, baadaye alijikita katika bindu, nukta ya falsafa ya Kihindi. Basi “kisasa” litaje wakati. Cha Kizungu tukiite cha Kizungu.