Kutoka ONAPO hadi Mhudumu wa Kijiji: Mawasiliano ya Afya ya Uzazi Nchini Rwanda na Suala la Lugha Mjini Gisenyi

Historia ya elimu ya uzazi wa mpango nchini Rwanda haikuwa ya kupanda daima. Mwaka 1981 serikali iliunda Ofisi ya Taifa ya Idadi ya Watu (ONAPO), na kufikia 1992 asilimia 13 ya wanawake walioolewa walitumia njia za kisasa. Mwaka 2000 kiwango hicho kilikuwa asilimia 4 tu.

Vita na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 vilivunja huduma na kutawanya watu. Lakini uhaba wa dawa hauelezi yote. Kwa familia zilizofiwa, wito wa kupunguza uzazi haukuweza kusikika kama ulivyosikika awali. Ujumbe ule ule ulikuwa umebadilika maana kwa sababu msikilizaji amebadilika.

Ufufuo ulipitia njia nyingine. Wahudumu wa afya ya jamii, walioanza kazi mwaka 1995, walichaguliwa na wanakijiji wenzao. Kuanzia 1999 mchezo wa redio Urunana, uliorushwa na BBC kwa Kinyarwanda, ulijadili mambo ya ndoa na uzazi kupitia maisha ya wanakijiji wa kubuni. Pamoja na msukumo wa viongozi na upatikanaji wa huduma, matumizi yalipanda kutoka asilimia 10 mwaka 2005 hadi 45 mwaka 2010.

Hata hivyo, Gisenyi inatukumbusha kwamba si kila msikilizaji anafikiwa kwa lugha moja. Mji huu, ulio makao ya Wilaya ya Rubavu, umepakana na Goma, na biashara ya mpakani, inayoendeshwa zaidi na wanawake, hutumia pia Kiswahili. Mwanamke anayelala upande mmoja na kuuza upande mwingine yumo katika mifumo miwili ya afya, na ni rahisi kuachwa na yote miwili.

Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Hadhi hiyo itakuwa na uzito pale itakapoingia katika mafunzo ya wahudumu wa mpakani, vipindi vya redio na karatasi za maelezo zahanati. Historia iliyoelezwa hapa inashauri wapanga sera waanze kwa kuuliza: mlengwa anamwamini nani, na anazungumza naye kwa lugha gani?